Kiti Anachokiacha Mheshimiwa Taaka

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Taaka, mbunge wetu na waziri. Wageni mliofuatana naye. Akina mama wenzetu:

KARIBU NYUMBANI

Sisi wanawake wauza dagaa wa soko la mpakani, Busia, tulipanga leo tukupongeze kwa uwaziri. Juzi tukasikia redioni kwamba hutagombea tena ubunge. Sasa hatujui tukupigie vigelegele au tukupe pole. Tumeamua kufanya yote mawili, utuvumilie.

TULIKOTOKA

Kabla ya siasa ulianika dagaa pamoja nasi. Uliposhinda mara ya kwanza tulichinja kuku, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye nyumba, tukakupa wewe mbele ya mumeo. Wazee walinuna. Wewe ulikula.

MAFANIKIO

Soko lina paa. Vyoo vina milango.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Tulimwomba Alaso, katibu wetu, agombee kiti unachokiacha, naye alikubali kwa furaha. Lakini Jumapili mlipotoka kanisani Masafu ulizungumza naye pembeni. Alitusimulia kwamba ulimwambia zamani ulikuwa ukilala unawaza paa la soko. Ulipokipata kiti, ukawa unalala unawaza kiti chenyewe. Kisha ukamshika mkono ukamwambia, "Mdogo wangu, gombea. Lakini usinifuate mimi."

Tangu hapo Alaso anageuza dagaa waliokwisha kukauka. Anajiuliza atafikaje huko bila kupita ulikopita. Nasi tunajiuliza vilevile.

Asubuhi hii, tukikupikia kuku, jikoni ulizuka ubishi. Phiona, mpishi wetu, alisema anayeondoka madarakani hali firigisi, apewe Alaso. Alaso akajibu, "Mpeni yeye kwanza. Mimi bado sijajua kama ni chakula au sumu." Tulicheka. Yeye hakucheka.

OMBI

Leo hatuombi barabara. Tunaomba utuambie, Alaso akisikia, kama tunampeleka kwenye kazi au kwenye mtego. Ukisema ni mtego hatutamlaumu yeye, wala wewe.

Ofisi ya uchaguzi inafunga kupokea wagombea leo saa kumi na moja. Vyeti vyake vya shule, vinavyotakiwa huko, ameviacha nyumbani makusudi. Si mbali, Mheshimiwa. Ukijibu mapema, atawahi.

Mungu akulinde, na siku utakapokuwa huna cheo akupe usingizi mzuri.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Wauza Dagaa,
Soko la Mpakani, Busia.