Mama Kipimo na Waya wa Jirani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Kipimo atavua koti lake la bluu na kulitundika kwa mara ya mwisho nyuma ya mlango wa chumba cha majaribio. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kupima kila redio, pasi, taa na chaja kabla haijafika kwenye rafu za duka letu. Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi, mkuu wa mauzo, niandike wasifu wake. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikubali, na sababu mtaiona mkisoma hadi chini.

Alianza kazi kwa kufunga maboksi. Fundi wa wakati ule aligundua kuwa binti huyu hafungi boksi mpaka achungulie tundu la kuchajia, kisha anaguna. Baada ya miaka mitatu alikuwa msaidizi wake, na fundi alipoondoka, muhuri ukabaki mkononi mwa binti. Bila muhuri huo hakuna kinachouzwa hapa, hata mkurugenzi akipende vipi.

Vipimo vyake ni viwili, na havimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Cha kwanza, anachomeka waya mikono ikiwa mgongoni. Usipoingia kwa mara tatu, anaandika kwenye fomu kwamba aliyekibuni kifaa hicho hajawahi kubeba mtoto kwa mkono mmoja. Cha pili ni waya wa jirani: anavuka barabara na kifaa chake hadi kwa kinyozi au fundi cherehani, anaazima waya wowote uliopo. Ukiingia, kifaa kimepita nusu. Usipoingia, anarudi amekunja uso, na muuzaji aliyekileta ajiandae kuhojiwa.

Matundu ya kipekee hayaamini hata kidogo. Watengenezaji humweleza kwamba la kwao ni imara, linachaji haraka, haliingizi maji. Husikiliza kwa adabu zote, kisha huwauliza waya huo utapatikana wapi miaka mitano ijayo, wakati wao hawapokei tena simu. Kwake yeye, tundu linalokataa waya wa jirani ni kamba ya kumfunga mteja mlangoni kwa aliyemuuzia. Lakini si mkaidi wa bure. Kikaango cha umeme chenye waya wa sumaku, usiofanana na mwingine wowote, alikigongea muhuri siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto akiuvuta unachomoka wenyewe na mafuta ya moto yanabaki yalipo. Alisema hapo kuna mtu aliyefikiri.

Nyumbani kwake nako shuku haichagui. Binti yake alipoleta mchumba, inasemekana kabla ya kumuuliza ukoo wake alitaka kuona chaja ya simu yake. Kijana alifaulu, na leo ni baba wa watoto wawili.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya nikatae kuandika. Miaka saba iliyopita zililetwa taa za mezani za kuchaji, nzuri kupindukia, zenye tundu la pembe tatu. Nilikuwa nimeshazitangaza, hadi bango liko dirishani. Mama Kipimo akakataa katakata kuzigongea muhuri. Mimi nikaona si bure, lazima yupo mtengenezaji mwingine anayempa kitu kidogo. Wiki hiyohiyo mkurugenzi akapokea barua isiyo na jina, ikisema mpimaji amepokea katoni kutoka kampuni pinzani na kuipeleka nyumbani kwake. Akasimamishwa kazi, na taa zikauzwa bila muhuri.

Katoni ilikuwepo kweli. Ndani mlikuwa na nyaya chakavu alizoziomba ili azitumie kupimia. Ilimchukua wiki sita kulithibitisha hilo, wiki sita za kukaa nyumbani huku watu wakimuuliza kulikoni. Aliporudi, mkurugenzi alimwomba radhi mbele yetu sote. Mwaka haukuisha, mtengenezaji akaleta taa mpya zenye tundu la mraba, nyaya za pembe tatu zikaadimika, na wateja wakajaa kaunta wakiwa na taa zilizozimika. Mama Kipimo hakutusimanga. Alichukua koleo na solda, akabadilisha matundu ya taa mia mbili na kumi, moja baada ya nyingine.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakikutengenezeka. Katoni ile ilibebwa hadi kwenye teksi na watu wawili, yeye na mtunza ghala tunayemwita Mjomba. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja kwenye benchi la ghala, wakitaniana kama watoto wa tumbo moja. Mama Kipimo alipiga hesabu yake: aliyejua habari za katoni ni Mjomba peke yake. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na tangu siku hiyo wanachopeana ni fomu tu. Mjomba aliapa mara moja, hakusadikiwa, akanyamaza. Siku hizi kila mmoja anakula kivyake.

Dirisha la ofisi ya mauzo linatazama mlango wa ghala. Niliwaona wakiipakia. Barua ile niliiandika mimi. Kwa miaka saba nimewatazama wawili hao wakipishana kwenye korido bila salamu, nikakaa kimya kwa kuogopa kupoteza cheo. Ninaona aibu, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mkurugenzi amejua tangu jana, na atakaloamua nitalipokea. Mjomba hana hatia hata chembe.

Mama, tunakushukuru kwa miaka yote hii, na mimi nakushukuru kwa taa zangu ulizozitengeneza bila kuninyooshea kidole. Sikuombi unisamehe ukumbini, kwenye hafla ya kukuaga; hilo lina wakati wake, na huenda lisiwe nao. Pumzika ukiwa na afya, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na siku zilizo mbele yako ziwe njema kuliko ulizotupa. Ijumaa Mjomba atakaa safu ya pili, upande wa dirisha. Nimeomba kiti cha kando yake kisikaliwe na mtu.