Harufu ya Kabatini

Benchi letu la kahawa liko mbele ya saluni ya Kinyozi, na jioni ikipita bila ubishi mimi hulala vibaya. Jana Kinyozi mwenyewe ndiye aliyeleta mada, na natamani asingeileta. Tangu afiwe na mkewe, ameufungia mtandio wa marehemu kabatini. Kila jioni hufungua mlango kidogo, ananusa, anafunga. Sasa anasema harufu inaisha.

— Uweke kwenye friza, akaanza Fundi Friji. Baridi inazuia harufu kutoka.

— Inaichelewesha tu, akadakia Profesa, mwalimu mstaafu ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa. Na friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto, inalimwaga jikoni.

— Unanifundisha friji mimi?

— Kila kitu kinatawanyika, bwana! Uliwahi kuona kahawa imepoa, halafu ikajichemsha yenyewe?

— Ya hapa hata kuchemka haijawahi, nikasema.

Fundi Pancha akatua kikombe.

— Nina kompresa. Tunafunga madirisha, tunanyonya hewa yote ya chumbani, tunaijaza kwenye tairi la lori. Akimkumbuka mkewe, anafungua vali kidogo.

— Atanusa mpira! akapinga Profesa.

— Tutatafuta tairi jipya.

— Hata liwe jipya! Harufu imeshachanganyika na hewa ya mtaa mzima. Ukihangaika kuichambua irudi kabatini, joto la hiyo kazi litatawanya vitu vingine zaidi.

Kinyozi akainua kichwa.

— Kwa hiyo haijapotea? Iko hapa hapa mtaani?

— Ipo, akasema Profesa, sauti imemshuka. Ila haikusanyiki tena, ndugu yangu.

Kinyozi akavuta pumzi ndefu, pale pale kando ya barabara. Sisi tukajifanya tunaangalia vikombe. Roho iliniuma kweli.

Ndipo akaja mkwewe, mke wa mwanawe, aliyeolewa baada ya msiba. Alikuja kumwita akale. Akatuamkia, akauliza tunabishania nini, na Fundi Pancha akamweleza yote.

— Mimi sikumkuta mama, akasema. Alikuwa ananukiaje?

Tukamgeukia Kinyozi, hata Profesa.

— Alikuwa ana... akaanza Kinyozi. Yaani, kama...

Akatoa ufunguo wa kabati mfukoni, akamwekea binti kiganjani.

— Nenda kafungue, mwanangu. Fungua mlango wote. Uwahi.