Safari ya Shemeji Kokila ya Kupumzika

Benchi la Chhagan muuza chai liko pale kichochoro chetu kinapotokea barabarani, jirani na fundi pancha, na tangu nihamie mtaa huu wa Ahmedabad sijawahi kulikuta tupu. Tunaagiza nusu kikombe nusu kikombe, tunamimina kwenye kisahani, tunapuliza, na hakuna mwenye haraka. Yupo Meneja, aliyestaafu benki bila kuwahi kuwa meneja hata wa siku moja. Yupo Redio, fundi saa, ambaye ukishamwasha hazimiki. Yupo Gathia, mnene na mpole, aliyepewa jina la kitu anachotafuna asubuhi na jioni. Na yupo Bipin, ambaye wiki hii ndiye alikuwa habari yenyewe. Mwezi uliopita alimkuta mkewe, Kokila, amekaa sakafuni jikoni, mkono kifuani, akimwambia awahi maziwa yasichemke yakamwagika. Daktari akasema moyo wa mama umechoka. Atoke mbele ya jiko, apelekwe mahali pa kimya, akae tu. Bipin akaamua ampeleke milimani Saputara, wao wawili. Kosa lake lilikuwa kulisema jambo hilo kwenye ngazi za nyumba yao, majirani wakisikia.

— Basi nimelipata, — alisema Meneja akiketi. — Lile kubwa. Dereva ni mtu wetu.

— Basi? — Bipin akashtuka. — Si tulisema gari dogo?

— Gari dogo lilikuwa la juzi, kabla watu wa ghorofa ya pili hawajasema wanakuja. Utawaacha?

Kwetu safari ikishatamkwa imekuwa mwaliko, na mtu akiondoka na mkewe tu, kichochoro kizima kitauliza amegombana na nani.

— Ila daktari kasema kimya, — akajaribu.

— Kimya! — Redio akaweka kisahani chini. — Kaka Bipin, kimya wewe unakijua? Mimi nilikwenda Saputara na mke wangu mwaka ule tulipooana. Siku ya kwanza tukautazama mlima. Siku ya pili mlima ukatutazama sisi. Siku ya tatu tukaanza kugombana juu ya mama yangu. Kimya ndicho kinachopandisha presha, usidanganywe.

— Tena huyu mgonjwa, — Meneja akadakia. — Mgonjwa akiachwa kimya anausikia moyo wake. Akiusikia, anauhesabu. Akiuhesabu, unakosea.

— Nani kasema? — Bipin akauliza.

— Wataalamu.

Gathia hakuwa na habari na mambo ya moyo. Yeye alikuwa ameshaanza safari.

— Jamani, mnazunguka tu. Tutakula nini? Thepla, zile chapati za njiani, hazina mjadala, mtaa huu hakuna mkono unaokanda unga na majani ya uwatu kama mkono wa shemeji Kokila. Chevda ya kutafuna, sawa. Vile vitamu vya samli na sukari guru, sawa. Lakini tukishafika? Jioni, ukungu umeshuka, watu wamekaa barazani. Mtakaa mikono mitupu?

— Bhajia, — nikasema mimi. Nani asingesema?

— Bhajia! Tena za moto. Haya, jiko?

— Tubebe jiko, — akasema Meneja. — Na mtungi wa gesi. Basi lina nafasi kule nyuma.

Simu ya Bipin ikaita. Masikio yake si mazuri siku hizi, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti kubwa na sote hushiriki. Alikuwa Kokila, na nyuma yake sufuria ya presha ilikuwa inapiga mluzi.

— Baba Ketan, nikande unga wa watu wangapi?

Bipin akatutazama. Meneja akanyoosha vidole vyote, akavifunga, akavinyoosha tena.

— Ongeza kidogo, — Bipin akasema.

— Kidogo cha jana au kidogo cha juzi?

— Cha jana.

— Na mke wa Meneja kwa dini yake hali kitunguu wala kiazi wala chochote kinachochimbwa ardhini. Zake nizipike mbali?

Meneja akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali heshima yake.

— Zipike mbali, — Bipin akasema.

— Haya.

Simu ikakatika. Meneja naye akatoa ya kwake, akavaa miwani.

— Sasa sikilizeni. Mkwe wangu kanitumia vitafunio vya sherehe, vyepesi kabisa. Mkate unakatwa vipande, unapakwa viazi, unatiwa kotimiri juu. Dakika kumi. Puri, zile chapati ndogo za kukaanga, unajaza dengu na ukwaju. Dakika kumi. Vijiti vya jibini na pilipili hoho. Hivyo navyo dakika kumi.

— Dakika kumi si kitu, — Gathia akasema.

— Si kitu kabisa. Watu wanafikiri sherehe ni kazi.

— Na jukumu la muziki nalibeba mimi, — Redio akasema. — Spika ipo. Tunagawana makundi mawili, tunaimbishana mpaka lipatikane kundi lililoishiwa nyimbo. Shemeji atakaa katikati awe mwamuzi.

— Atakaaje katikati na bhajia zipo motoni? — Gathia akauliza, kwa nia njema kabisa.

— Ataamua kutokea jikoni. Spika ina nguvu.

Bipin alikuwa anazungusha kisahani mkononi bila kunywa. Nilimwonea huruma, nami nilitaka kusema neno, ila nilikuwa nimeshaomba nafasi mbili kwenye basi, yangu na ya mama mkwe wangu.

— Lakini mafuta… — Bipin akasema. — Daktari kakataza mafuta.

— Mafuta ya hapa chini! — Gathia akamshika bega. — Kule juu hewa ni nyepesi, kaka. Mafuta hayaingii kwenye bhajia, yanabaki kwenye karai. Ndiyo maana watu wa milimani wote wembamba.

— Wewe ulishafika milimani mara ngapi? — Chhagan akauliza huku anachuja chai.

— Mara nyingi tu.

— Mbona hukukonda?

Tukacheka, hata Bipin akacheka kidogo. Gathia hakujali.

— Tena ule mvuke wa karai lenye kiungo cha ajwani ni dawa ya kifua, bibi yangu aliishi miaka mingi kwa huo. Mtu wa moyo akisimama karibu na karai, kule kwenye baridi, ni tiba.

— Na kukanda unga, — Meneja akainua kidole, — ni mazoezi. Nimesoma mahali. Kuna hospitali huko nje wagonjwa wa moyo wanakandishwa unga asubuhi. Kwa hiyo tubebe na sinia lake kubwa, asije akakosa mazoezi.

— Daktari wenu huyo kijana mdogo, — Redio akafunga hoja. — Vitabu kasoma, lakini safari za watu hazijui.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mtu tusiyemjua, kofia ya pikipiki mapajani, akimsubiri fundi amzibie tairi la skuta. Alikuwa amekunywa nusu yake, akaongeza nyingine, na alikuwa ametusikiliza tangu basi kubwa lilipotajwa. Akakohoa kwa adabu.

— Samahani, wazee wangu. Nimefuata mazungumzo lakini nimepotea mahali. Anayekwenda kupumzika ni nani kati yenu?

Redio alifungua mdomo. Sijawahi kuona: ulibaki wazi na hakikutoka kitu. Meneja akavua miwani, akaifuta, akairudisha machoni. Gathia aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. Mimi niliangalia viatu vyangu, na aibu ilinishika kwelikweli. Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akidhani labda hatukumwelewa.

Bipin akachukua simu, akapiga.

— Baba Ketan, unga bado naukanda. Wameongezeka?

— Hapana. Sikiliza, Kokila. Nataka kukuuliza. Hii safari… wewe ungependa iweje?

Kule upande wa pili sufuria ikapiga mluzi, ukaisha. Tukasikia jiko linazimwa. Bipin akaisogeza simu sikioni ingawa hakukuwa na haja.

— Niseme?

— Sema.

— Nendeni.

— Twende na nani?

— Wote. Ghorofa ya kwanza, ya pili, wote. Na mke wa Meneja. Na mama mkwe wa huyo jirani mpya. Asibaki mtu kwenye kichochoro. Thepla nitawafungia, za watu wote, na zile za mbali nitaziandikia jina. Mkae hata wiki. Mimi mniache hapa.

— Peke yako?

— Peke yangu.

— Nani atakupikia?

Kokila alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na tulimngoja hadi akatulia, watu wazima tumekaa kwenye benchi tunasikiliza mke wa mtu anacheka.

— Chai na mkate, — akasema. — Dakika kumi.

Bipin alitaka kuahirisha kila kitu abaki naye. Jioni hiyo alimwambia hivyo, akajibiwa kwamba na yeye yumo kwenye hao wote. Dada yake Kokila wa mtaa wa pili akaahidi kumpitia asubuhi na jioni, kugonga mlango tu na kuondoka. Daktari alipoulizwa alisema hakuwahi kutaja mlima, alitaja kimya.

Jumamosi alfajiri tulipanda. Wanawake walipakia mashuka, Meneja akapakia mtungi wa gesi ambao hakuna aliyejua atautumia nani, Redio akakumbatia spika yake kimya kimya. Bipin alikaa kiti cha mbele na furushi la thepla mapajani, anageuka kila saa kuangalia dirishani. Kokila alikuwa ametoa kiti barazani, amenyoosha miguu juu ya kigoda, na alianza kutupungia mkono kabla dereva hajawasha gari.