Majina Iko Mwisho wa Mustari: Tunamuaga Mama Daphrose wa Gishe ya Pili

Tarehe 31 Desemba 2025, saa tisa na nusu ya muchana, Mama Daphrose Nkeshimana atafunga gishe ya pili, dirisha ya kupokea raia, kwa mara ya mwisho. Alianza kazi kwenye biro yetu ya kartie, ya huu mutaa, tarehe 1 Oktoba 1996. Ni miaka makumi mbili na tisa na miezi tatu. Wakubwa wanane wamepita hapa, wamekuja na wameenda. Yeye alibaki.

Waliniomba mi, Régis wa informatique, mutu wa computer, niandike hii wasifu. Nilikubali haraka, juu iko kitu napaswa kusema ndani yake. Lakini tuanze na mazuri.

Mama Daphrose aliingia kama mupiga mashini, ile ya chuma ya zamani. Herufi r yake ilikuwa inakwama. Ukifungua barua za wakati ule, utaona kila r imeandikwa na bic, kwa mukono wake, na hakuna hata moja alisahau. Mwaka 2004 wakamupeleka gishe ya pili, mahali watu wanakuja kutafuta attestation ya kukaa, karatasi ya kuonyesha unaishi wapi, na karatasi za watoto. Mutu akifika na hasira, Mama Daphrose anamuuliza kwanza: "Umekunywa chai?" Mutu anaketi. Hasira inapungua.

Wakati computer ya kwanza ilifika, aliifunika na kitenge kizuri, kile cha kuenda nacho kanisani. Tukamwambia: "Mama, itoe, mashini inapata moto." Akajibu: "Ni mugeni. Mugeni hatumuachi uchi." Ilibidi tumuonyeshe kwa mukono vile inachoma ndipo akakubali.

Anakaa ng'ambo ya korongo. Miaka yote hii alikuwa anavuka asubuhi kwenye muti uliolazwa juu ya maji, sandali ya plastiki miguuni, viatu vya biro chini ya gishe vinamungoja. Ile miezi essence ya magari ilikosa muji mzima, sisi wa Cibitoke, mbali na biro, tulikuwa tunafika saa nne na jasho, juu bisi zilikosa. Yeye saa moja na nusu gishe iko wazi.

Sasa nifike kwa ile kitu.

Mwisho wa mwaka jana biro ilianzisha Sema Kartie. Ni ukurasa wa internet: raia anafungua kwenye telefone, anachagua kazi gani ifanywe mbele, anaandika sababu. Mi ndiye niliutengeneza, na nilijivuna nao sana. Januari tuliuliza swali moja tu: tujenge daraja ya miguu kwenye korongo, ao tuweke taa kwenye barabara ya juu?

Kitu moja nilisahau, na ni aibu kwa mutu aliyezaliwa Bujumbura. Hapa telefone moja ya internet ni ya rugo nzima, watu wote wa nyumba. Na kule ng'ambo, rugo mingi haina hata hiyo moja. Wale watu walifanya vile wanafanya siku zote wakikutana na mambo ya leta, ya serikali: walikuja kwa Mama Daphrose. Wiki mbili walipanga mustari kwenye gishe, na yeye akawaandikia mumoja mumoja, kwenye telefone yake mwenyewe, kila mutu na sababu yake.

Mi kwenye computer yangu niliona numero moja imechagua daraja mara mia mbili na kumi na nne. Na mwenye numero anakaa ng'ambo. Nikasema moyoni: huyu mama anajijengea daraja. Tarehe 17 Februari nikafuta zile sauti zote. Taa ikashinda. Sikumuuliza hata neno. Nilienda moja kwa moja kwa chef Adrien, mukubwa wetu wa sasa, na siku ile ile Mama Daphrose akapewa demande d'explication, ile karatasi ya kukuambia ujieleze, ambayo inabaki kwenye dossier yako mpaka siku ya pension.

Alijibu mistari mbili. "Walikuja bila telefone, nikawaandikia. Majina iko mwisho wa mustari." Nilisoma ya kwanza tu, nikaona amekubali kosa. Nikaifunga na agrafe.

Kule nyumbani kwake ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye robine ya maji majirani walikuwa wanamuuliza: "Mama, sauti zetu uliuzia nani?"

Tarehe 14 Machi akaja Marguerite, yule wa Uvira anauza ndagala, mwenye sauti inafika soko mbele yake. Hakupita gishe. Alisimama kwenye mulango yangu.

"We ndiye wa computer? Maneno yangu iko wapi?"

Nikamwambia system haikuyapokea.

"Isiyapokee namna gani? Nilisema mutoto wangu aliteleza kwenye ule muti, yeye akabaki, kitabu chake kikaenda Tanganyika! Mama Daphrose aliandika, na mi namuangalia hivi!"

Nilifungua corbeille ya computer, mahali vitu vilivyofutwa vinangoja, juu tu aniache nifanye kazi. Nikakuta iko pale. Neno kwa neno, mpaka ile ya Tanganyika. Na mwisho wa mustari, kwenye colonne, safu ya pembeni sikuwahi kufungua: Marguerite, nyumba ya bati nyekundu, nyuma ya kanisa. Nikashuka chini. Esperance, mwenye cherehani. Shakuru, anatengeneza baiskeli. Kila mustari mutu, kila mutu na nyumba yake. Ile corbeille inajifuta yenyewe zikipita siku makumi tatu. Zilibaki tano.

Nilirudisha sauti zote na daraja ikashinda. Walijenga wakati wa jua, na mwezi wa tisa, mbele ya mvua, watu wakavuka. Wengi walinishika mukono siku ile.

Hapo nilifanya kosa ya pili, na ndiyo iliniuma zaidi. Kwenye mukutano wa biro nilisema: mashini ilikosea. Apana. Mashini ilikuwa imeonyesha kila kitu, mi ndiye sikusoma. Nao wakaamini ni mashini, na karatasi ya Mama Daphrose ikabaki kwenye dossier, miezi kumi. Kila asubuhi nikipita gishe ya pili ananiangalia: "Régis, umekunywa chai?"

Desemba wakaanza kupanga dossier yake ya retraite, ya kustaafu. Ile karatasi ilikuwa juu kabisa. Tarehe 15 nikaenda gishe ya pili, nikapanga mustari kama watu wengine, na zamu yangu ikifika nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yoo, Régis! Mi nilifikiri nitaenda retraite mbele uje useme."

Watu nyuma yangu wakacheka sana. Ni haki yao. Nikaingia kwa chef Adrien, nikarudia yote. Tarehe 18 karatasi ilitolewa. Mahali yake iko barua yangu, na saini yangu chini, inayosema nani alikosea. Mama Daphrose anaenda na dossier safi. Na mi, tangu siku ile, nakula vizuri na nalala vizuri. Sikujua karatasi moja inaweza kuwa nzito hivi.

Nilimuuliza nimulipe na nini. Akaniwekea sandali zake za plastiki kwenye meza. "Kaa hapa kwangu." Kwa hiyo kuanzia Januari, kila siku ya pili na ya tano, mutu wa informatique atakuwa gishe ya pili na telefone mukononi. Asiye na internet aje aseme, nitaandika.

Asante, Mama Daphrose, kwa zile r zote, kwa kitenge, kwa mia mbili na kumi na nne. Tangu mwezi wa tisa unakuja na viatu vya biro miguuni, tumeona. Swali ya mwaka mupya itakuwa ya robine, na sasa we ni raia kama wengine. Uje kwa daraja, upange mustari. Nitaandika jina yako pale mwisho, na safari hii nitaisoma. Ukae na maisha mazuri, Mama, na maji ya korongo isikuguse miguu tena.

Régis Bigirindavyi, informatique