Tundu Kwenye Wingu

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwenye kikundi hiki cha maombi muda mrefu, kwa sababu kila nilipotaka kusimama nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hatoi ushuhuda, anagomba. Leo nasimama. Hasira bado ninayo kidogo, mnivumilie.

Wengi mnajua kwamba nafundisha watu kuruka na parachuti. Mnaniuliza kwa nini mtu mwenye akili zake aruke kutoka kwenye ndege ambayo haina shida yoyote. Mimi ninachojua ni kwamba ukiupenda mchezo huu na unataka kuruka mwaka mzima, Rwanda itakutesa. Itumba, yaani masika, inakunyeshea miezi mitatu, unapumua kidogo, umuhindo, mvua za vuli, nao huo umeingia. Na sheria yetu ni moja: usipoiona ardhi, huruki.

Kila Jumamosi alfajiri natoka nyumbani Kagugu, navuka Kigali, nakutana na wenzangu njiapanda ya Sonatubes, tunaelekea mashariki kwenye uwanja wetu wa nyasi. Pale Sonatubes anga safi kabisa! Tukifika uwanjani, wingu limetanda. Tunakaa chini ya mabati mpaka jioni, tunarudi Kigali na matope ya bure. Mume wangu akaniuliza, "Wewe umeolewa na mimi ama na mawingu?" Nikaenda kufua matope, maana jibu lililonijia lilikuwa baya. Nilikuja hapa mkaniombea anga ifunguke. Mliomba kwa nguvu, Mungu awabariki, na Jumamosi ile ikanyesha mvua ya mawe.

Sasa kule kwetu uwanjani kuna utani mmoja. Mkishapanda juu, mwalimu akaona wingu limeziba akasema turudi, basi anaitwa abiria. Abiria anawapikia wenzake chai, nao wanamwimbia. Mimi nilikuwa abiria Jumamosi tatu mfululizo. Nawaambia ukweli, wimbo ule nilikuwa nausikia mpaka usingizini.

Jumamosi ya nne nikafungua mlango wa ndege. Rubani wetu, mzee mtaratibu, akasema, "Madamu, hapa iko tundu tu. Uwanja haiko." Kweli, ndani ya wingu niliona kipande cha kijani, basi. Nikaifikiria ile sufuria ya chai. Nikaruka. Binti niliyekuwa namfundisha akaruka nyuma yangu.

Wingu likatumeza. Saa ya mkononi, ile inayopima urefu, ilionyesha nafasi bado ipo tele. Lakini saa ile inahesabu kuanzia uwanjani, ndugu zangu. Milima haiijui. Na mimi, mzaliwa wa nchi hii, nikasahau milima! Nilifungua parachuti ndani ya weupe, na nilipotokea chini ya wingu, mlima ulikuwa hapo hapo miguuni, na migomba yake, na mama mmoja aliyetupa jembe akakimbia. Mguu wangu ulivunjika sehemu mbili. Yule binti alivunjika mkono.

Miezi saba nimelala Kagugu nikilaumu. Nililaumu mvua, nikamlaumu rubani kwa nini hakunikataza, nikamlaumu na Mungu. Mlikuja na uji mkaniambia ni mapenzi yake. Nilitamani kuwarushia kikombe, mnisamehe.

Siku moja yule binti akaja kunisalimu, mkono bado umefungwa. Nikamwambia, "Pole mdogo wangu. Lile tundu lilitudanganya."

Akatikisa kichwa. "Dada, mimi tundu sikuliona. Nilikuwa naona mgongo yako tu."

Hakusema kwa ubaya. Alikunywa chai yake, akaniombea, akaenda kutafuta moto, pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Mimi nikabaki nalia mpaka mume wangu akadhani mguu umeanza kuuma upya. Miezi yote ile nilikuwa natafuta wa kulaumiwa, kumbe ndiye mimi niliyelala pale kitandani.

Nilirudi uwanjani nikichechemea. Safari ya kwanza, wingu likaziba, nikasema turudi. Nikapika chai. Mnadhani hawakuimba? Waliimba mpaka mwisho! Nilichukia kila neno, lakini nilihesabu vikombe, na kila mwenye kikombe alikuwa mzima.

Namshukuru mume wangu, aliyenipeleka bafuni kwa mikono yake bila kunikumbusha mawingu hata mara moja. Nawashukuru ninyi kwa uji, na kwa kuzivumilia kelele zangu. Na wewe unayefuatwa na mtu, awe mtoto wako, mdogo wako au mfanyakazi wako, nakuomba: kabla hujachoka kusubiri, geuka kwanza umwangalie aliye nyuma yako.

Lakini msidhani nimepona. Jumamosi iliyopita tulikuwa juu tena, wiki tano hatujaruka, mlango wazi, baridi inatupiga usoni. Likatokea tundu. Zuri, la kijani. Ndugu zangu, pamoja na haya yote niliyowaambia, niliinuka. Mguu mmoja ulikuwa tayari mlangoni.

Yule binti akanishika mkanda kwa mkono uleule uliovunjika.

"Dada," akasema, "mimi nimeangalia. Chini sioni."

Nikakaa.