Baba Yetu na Mlima Uliomwingia Kifuani

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo ni baba yetu, mkata mawe, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Tabaka. Wasifu huu ninausoma mimi, bintiye, kwa sababu mdogo wangu wa kiume, aliyestahili kusimama hapa, hamalizi sentensi bila kukohoa. Naye bado anafanya kazi ileile mlimani. Hilo ndilo lililomnyima baba usingizi hadi mwisho, na sitalificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 chini ya mlima ule mnaouona mkifungua madirisha, umesimama peke yake jangwani, kuta wima, juu bapa. Mwaka huo mvua ilinyesha mara moja tu. Mvua ya kwetu haijui kubisha hodi: ilishuka kwa kishindo, ikaondoka na mbuzi wa babu pamoja na ukuta wa jiko, na kesho yake ardhi ilikuwa kavu kama haikutokea kitu.

Alisoma hapa hapa hadi kidato cha nne. Mwalimu wao wa jiografia aliwapandisha mlimani, akawaonyesha mistari iliyolala mshazari kwenye mwamba. Aliwaeleza kuwa huo ulikuwa mchanga wa jangwa la kale. Upepo uliurundika vilima juu ya vilima, mchanga ukafukiwa, maji yenye madini yakaugandisha kuwa jiwe, na chuma kikaupa wekundu. Chini yake kuna udongo laini. Udongo ukiliwa na upepo na maji, mwamba wa juu hubaki ukining'inia, kisha humeguka, ndiyo maana kuta zimekaa wima. Wenzake waliuliza watakula saa ngapi. Baba alirudi nyumbani hajielewi, na tangu hapo hata ukimsalimia alikujibu kwa habari za matabaka. Jina likamganda.

Mwaka 1977 aliajiriwa machimboni, upande wa mashariki wa mlima, akapanda hadi kuwa fundi wa msumeno. Msumeno wa mawe hutaka maji yanayomiminwa kwenye meno yake ili vumbi lisipande. Lakini maji yetu sisi ni yale machache yanayochuruzika pale mwamba unapokutana na udongo, na kila kiangazi yalipungua. Mafundi walikubaliana wenyewe, bila kushurutishwa na mtu, kwamba watakata kavu, na maji ya msumeno wayabebe nyumbani kwa watoto. Baba alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Tulinywa maji hayo, tukaogeshwa nayo, tukakua. Mpaka leo sijui niyashukuru au niyalaani.

Mwaka 1983 alimwoa mama yetu, mshonaji. Siku za uchumba alimpandisha juu kabisa, akamwonyesha ile mistari.

"Huu ni upepo," alimwambia. "Ulivuma kabla binadamu hajakuwepo."

"Yaani umenipandisha kwenye jua lote hili kunionyesha upepo uliokwisha pita?"

"Ndiyo."

"Haya, nimeuona. Nishushe."

Mama husema alimkubali palepale, maana mwanamume asiyejua kupamba maneno hapatikani kirahisi. 

Mwaka 2016 baba alianza kuhema akifunga viatu. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akasema, "Mzee wangu, hili ni vumbi la mawe. Likishaingia halitoki."

"Mchanga huo ulishageuka jiwe mara moja, daktari," baba alijibu. "Kazi hiyo mchanga unaijua."

Alicheka peke yake. Baridi ya jangwa ilimtesa kuliko joto la mchana. Kila mdogo wangu alipokuja kumwona, baba alimsihi: "Mwanangu, shuka mlimani."

"Nishuke niende wapi, baba?"

 Hapa hapaoti kitu, na kazi nyingine hakuna. 

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, asubuhi. Ningependa kuwaambia kwamba aliondoka kwa utulivu. Hapana. Madirisha yote yalikuwa wazi, na bado alikuwa akitafuta hewa.

Wiki ile ya mwisho aliomba jambo moja tu, kaburi lake lisiwekewe jiwe. "Kila jiwe limepita kwanza kwenye kifua cha mtu," alisema. "Nifukieni kwa udongo, basi."

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Jiwe mnaloliona hapo kushoto amelikata mdogo wangu. Nilimfuata machimboni, nikamkuta mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Nikamfokea, "Baba si alikataza?"

"Dada," akasema, "nimfanyie nini kingine? Ndicho ninachokijua."

Lala, baba, upumzishe kifua. Tumekuwekea jiwe. Utusamehe.