Sala ya Alasiri Kituo cha Mafuta

Muuguzi alijifanya amelala, lakini masikio kayatega. Kiti cha mbele yake, mama fundi cherehani mwenye msalaba shingoni na kijana wa kuchomelea mageti, waliokutana humo humo basini, walikuwa wakivutana.

"Siku hizi mnaadhiniwa na simu," alisema mama. "Dini ya betri hiyo, mwanangu."

"Na kwaya zenu mazoezi ni kwenye simu, mama. Mimi swala hainipiti."

Ndipo simu yake ikazima. Akaitikisa, akaipuliza kama jiko.

Mama akachungulia jua dirishani. "Alasiri imeingia. Duka langu limepakana na msikiti. Wakiadhini, nazima cherehani."

Kijana akacheka. "Na mimi Jumapili siwashi mashine mpaka mtoke kanisani. Lakini betri haina kosa."

"Inalo."

Basi likaingia kituo cha mafuta. Kijana akashuka na chupa yake ya maji. Dereva alipomaliza kujaza, akawasha gari na kupiga honi. Muuguzi akafumbua macho: mama amesimama mlangoni, kaukumbatia mkoba wa mbishi wake.

"Zima gari, dereva. Mwanangu anaswali."

Injini ikanyamaza, kama cherehani.